Vimraba Chini ya Chokaa

Shawen, Mtaa wa Juu
18 Novemba 2024

Kwako Mwalimu Ghizlan, binti wa marehemu dada yangu Sfia,
Tata.

YAH: OMBI LA MSAADA WA KITAALAMU, PAMOJA NA SUALA LA NYUMBA

Kwa heshima na taadhima, na baada ya salamu ambazo urefu wa njia kati ya mlima wetu na jangwa lenu hauzipunguzi, mimi mjomba wako Mfaddal, mwandishi wa maombi mbele ya ofisi ya manispaa, nakujulisha kwamba ni mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi hutabiri mvua kuliko redio. Mkaza mjomba wako Zuhra anakusalimu na anauliza kama huko mnapata jibini ya mbuzi au mnadanganyana tu. Mwanangu Anwar amefaulu mtihani wa udereva katika jaribio la nne, nasi tumesherehekea kana kwamba ni la kwanza.

Baada ya hayo, naomba kueleza madhumuni ya barua hii, ambayo ni mawili.

Mosi. Bi Hanae, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya mtaa wetu, ameona kwamba watoto wa darasa la nne wanawafahamu watalii wanaozipiga picha ngazi zetu kuliko wanavyozifahamu ngazi zenyewe. Ameazimia kuwa na msako wa hazina. Kuta za mtaa zitabandikwa vile vimraba vyenye madoa meusi viitwavyo misimbo ya QR; watoto, kwa makundi, watavielekezea simu ya mwalimu wao, na simu itatamka fumbo la kuwapeleka kwenye kimraba kinachofuata, hadi mwisho wa safari. Amesikia kwamba wewe huendesha mchezo huo na wanafunzi wako huko Tata. Nami, kwa kuwa ni katibu wa kamati ya mtaa, nimeteuliwa kuwa mratibu. Nilikubali kwanza, nikauliza baadaye ni kitu gani. Tunaomba ututengenezee vimraba hivyo.

Pili. Nyumba ya marehemu. Tangu jioni ile ulipofika kutoka Tata ukakuta maziko yamepita siku mbili, ukanikabidhi ufunguo na kurudi kituo cha mabasi bila kunywa chai, mlango ule haujafunguliwa. Bwana Tuhami, mwenye nyumba ya wageni iliyo ubavuni, anataka kuinunua ili aunganishe nyumba mbili kuwa moja. Ni mtu mwenye adabu nyingi na haraka nyingi. Mimi ni wakala wako tu. Siuzi wala sizuii bila neno lako. Ila kama ningeulizwa ushauri, ningeshauri iuzwe, kwa sababu nyumba isiyokaliwa hubomoka kwa ndani kabla jirani hajaona ufa.

Natumaini jibu lako kwa yote mawili.

Wako kwa damu na kwa utumishi,
Mfaddal Bulaish


Tata
9 Desemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Nakubusu mkono, na goti la kushoto nalibusu kwa mbali. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kuliko nguo zangu. Walimu wenzangu walipoona "YAH" kwa herufi kubwa walidhani nimeitwa mahakamani, mmoja akaanza kuniombea dua. Mjomba, watu wana simu! Ungenipigia kupitia Anwar nikakujibu kabla chai haijapoa. Lakini najua utasema nini: maneno ya simu hayana sahihi. Haya basi, naandika, na nimetafuta kalamu nzuri.

Sisi huku salama. Tende zimekwisha kuvunwa. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Tlaitmas, ananilisha uji wa shayiri asubuhi na couscous ya shayiri jioni, na nikisema nimeshiba anauliza nani kaniudhi. Mwambie mkaza mjomba kwamba jibini hatuna, na hatudanganyani, tunalia tu.

Sasa msako. Nimefurahi mno! Mwezi jana nilifanya wangu katika mashamba ya mitende, mbuzi akala kimraba cha tatu. Kundi zima lilimfuata yule mbuzi nusu saa likiamini yeye ndiye fumbo. Kwa hiyo pokea mafunzo ya mtu aliyeshindwa na mbuzi: karatasi iwe nzito, kibandikwe kimo cha mtoto wa miaka tisa, si kimo chako, kila kimraba kijaribiwe kwa simu kabla ya siku yenyewe. Na zungumza na watu wa mtaa mapema. Si wakubwa tu, Mjomba. Watu.

Mafumbo nataka yawe na sauti za mtaa wenyewe. Mtoto akielekeza simu, amsikie mwoka mikate akimtania, au fundi wa kufuma mablanketi, au Lalla Fettuma wa pale kwenye chemchemi. Wewe kusanya mafumbo, Anwar arekodi kwa simu na kunitumia, mimi nitayatia kwenye vimraba na kukurudishia vikiwa karatasini, kwa posta, ili roho yako itulie.

Kuhusu mengine, baridi ya usiku imeanza huku, tena baridi ya jangwa haina utani. Nina rundo la madaftari ya kusahihisha.

Wako,
Ghizlan


Shawen, Mtaa wa Juu
24 Desemba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

YAH: MAENDELEO YA MSAKO, NA SUALA LISILOJIBIWA

Nakiri kupokea barua yako, ambayo imejibu Mosi kwa ukamilifu wa kupendeza na imejibu Pili kwa hali ya hewa.

Hapa tuko salama. Mvua imenyesha siku tatu na goti langu limethibitishwa. Zuhra amesoma habari ya mbuzi akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema huyo mbuzi angekuwa wake angemchinja kwa Sikukuu akiwa na fumbo tumboni.

Katika utekelezaji, nimeiandikia manispaa, nimemwandikia kaidi, yaani mkuu wa eneo, nimeiandikia ofisi ya elimu, ofisi ya utalii na kikosi cha zima moto, maana karatasi huungua. Wote wamejibu, wote wamegonga mihuri. Sidhani kama msako wowote wa watoto katika mlima huu umewahi kuwa halali kiasi hiki.

Kazi ya kurekodi imekuwa ngumu zaidi ya kazi ya mihuri. Nilipofika kwa Lalla Fettuma na Anwar akamsogezea simu mdomoni, palitokea mazungumzo haya, ambayo nayanakili kwa uaminifu, pamoja na lile "Si" lake la kuniita bwana na "Lalla" langu la kumwita bibi:

"Si Mfaddal, unataka nizungumze na ukuta?"

"Si na ukuta, Lalla. Na simu iliyo mbele ya ukuta."

"Hata marehemu mume wangu hakuniomba hivyo, naye alikuwa mlevi wa chai."

"Ni fumbo tu la watoto, Lalla. Maneno machache yenye adabu."

"Adabu nimeiacha kwenye ndoo. Anwar, washa hicho kidude chako kabla sijabadili nia!"

Alizungumza dakika nyingi. Fumbo lilikuwa la mwisho. Yaliyotangulia yalinihusu mimi, nami nimemwamuru Anwar ayakate.

Bi Hanae anapendekeza kimraba kimoja kibandikwe kwenye ukuta wa nyumba yenu, karibu na mlango, kwa kuwa ndio ukuta pekee wa ngazi zile usio na kibao cha wageni wala chungu cha maua ya kupigia picha. Naomba kibali chako.

Vilevile natoa taarifa, bila kushawishi, kwamba mwalimu wa darasa la nne, Si Tayyib, anastaafu mwezi Juni, na walimu wanaotaka kuhamia nafasi yake wanaweza kuomba. Ninafahamu namna ya kuandika maombi ya aina hiyo. Ni machache tu ya kwangu yaliyowahi kukataliwa.

Na Pili, mpwa wangu, bado inasubiri.

Wako,
Mfaddal Bulaish


Shawen, Mtaa wa Juu
20 Januari 2025

Mpwa wangu,

YAH: UKUMBUSHO

Kwa kuwa ukimya wako umevuka mwezi, na kwa kuwa Anwar ananihakikishia kuwa rekodi zote zilikufikia, nalazimika kuandika kabla ya kujibiwa, jambo ambalo ni kinyume cha utaratibu.

Tuko salama. Zuhra ananiambia nikuache upumue. Nimemjibu kwamba hakuna aliyekuzuia kupumua, umezuiwa kunyamaza tu.

Tarehe ya msako imepitishwa na ofisi zote: Jumamosi tarehe 22 Februari, ya mwisho kabla ya Ramadhani, ili watoto wakimbie wakiwa wameshiba.

Bwana Tuhami alikuja tena. Alisimama mbele ya mlango wenu akaupima kwa macho, kisha kwa shubiri. Nilimuuliza, "Bwana Tuhami, unatafuta nini hapo?" Akasema, "Nafikiria tu mapokezi yatakaa wapi." Nikamwambia kwamba kwa sasa mapokezi yatakaa kwake. Hata hivyo haki yake ya kupata jibu naitambua, naye anataka kujua kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Naomba jibu.

Mfaddal


Tata
2 Februari 2025

Mjomba wangu,

Nisamehe. Nakubusu mkono wote, hadi kiwiko. Nilikuwa na kazi. Sivyo kabisa, lakini tuseme nilikuwa na kazi.

Mama Tlaitmas ameugua meno, ameng'olewa mawili, sasa anakula uji wake mwenyewe na ananielewa. Wanafunzi wangu wanawasalimu watoto wa Shawen na wanauliza kama kweli huko kuta zote ni za buluu au nawatania.

Kwenye bahasha kubwa utakuta vimraba vyote. Nyuma ya kila kimoja nimeandika mahali pake: tanuri la mikate, chemchemi, kwa mfumaji, ukuta wa kwenu, na kuendelea. Lalla Fettuma nimemwacha kama alivyo. Ndiyo, Mjomba, nimeyapata hata yale uliyoamuru yakatwe. Anwar ni mtoto mzuri sana.

Kile cha mlango wetu nimekitengeneza mwisho, na kimenichukua muda kuliko vyote. Kibandike tu. Msikisikilize kabla ya siku yenyewe, hata Anwar. Watoto ndio wawe wa kwanza.

Kuhusu Pili, nimeanza kuandika mara kadhaa, na kila mara kengele ya shule imeniokoa. Kuhusu nafasi ya Si Tayyib, mwambie apumzike vizuri.

Nisalimie mkaza mjomba. Mwambie nimeota jibini.

Ghizlan


Shawen, Mtaa wa Juu
25 Februari 2025

Kwako Mwalimu Ghizlan binti Sfia,
Tata.

YAH: TAARIFA YA MSAKO WA TAREHE 22 FEBRUARI, NA OMBI LA UAMUZI

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu za nyumba nzima, ambayo ni nzima, na za goti langu, ambalo halikutabiri lolote kati ya nitakayoyaeleza, nawasilisha taarifa hii kamili. Najua kwamba Anwar amekwisha kukutumia picha. Picha hazina sahihi.

Ijumaa alasiri, mimi na Anwar tulibandika vimraba vyote kwa gundi ya unga, kimo cha mtoto wa miaka tisa. Kila kimoja kilijaribiwa kwa simu, isipokuwa kile ulichokikataza. Nililala nikiwa mtu aliyekamilisha wajibu.

Jumamosi nilitoka nikiwa nimevaa jilaba yangu ya sherehe na bahasha ya vibali kwapani, nikakuta ngazi zote zimejaa ndoo. Wanawake wa mtaa, kwa vikoi vyao vya mistari na mabrashi ya mipini mirefu, walikuwa wanapaka kuta chokaa ya nili tangu sala ya alfajiri. Na wa kwanza kati yao, mbele ya mlango wangu mwenyewe, alikuwa mke wangu.

"Zuhra, karatasi iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Yenye kimraba cheusi!"

"Aa, ile ya watu wa umeme? Ipo. Iko chini ya chokaa."

"Si ya umeme! Ni ya msako! Ina vibali vya ofisi tano!"

Aliweka brashi chini. Ninayoyanakili sasa nayanakili kwa sababu taarifa isiyo kamili si taarifa.

"Miezi mitatu nimekuona ukiandika, Si Mfaddal. Umemwandikia kila mwenye mhuri, hadi wazima moto. Mimi sina mhuri, nina ndoo. Wiki ya mwisho ya Shaabani kuta hupakwa. Mama yako alipaka, na mama yake alipaka. Ungeuliza tu, tungewapisha."

Mpwa wangu, kila Shaabani ya maisha yangu nimerudi nyumbani nikakuta ndala zangu zimekuwa za buluu. Sikuwahi kulihusisha jambo hilo na kalenda. Uliniandikia nizungumze na watu, nami nikadhani watu hukaa ofisini.

Lalla Fettuma akapaza sauti kutoka chemchemi: "Changu mimi nimekipaka mara mbili! Kilikuwa kinachungulia!"

Wakati huohuo watoto wakafika, wamepangwa kwa makundi, na Bi Hanae mbele yao. Walikwenda kwenye tanuri: buluu. Kwa mfumaji: buluu mbichi, na mtoto mmoja akaacha kiganja chake hapo. Msichana mmoja aitwaye Nisrin aliielekeza simu ukutani kwa subira kubwa kisha akasema, "Mwalimu, simu inasema hakuna kitu." Bi Hanae akanitazama kama hakimu anavyomtazama shahidi aliyesahau jina lake. Nilifungua bahasha ya vibali. Hakuna aliyetaka kuviona.

Ndipo sauti ya mtoto ikatoka juu ya ngazi: "Kipo kimoja! Njooni, kipo kimoja!"

Kilikuwa cha kwenu. Unajua desturi: kila mwanamke hupaka hadi ukingo wa ukuta wake, kisha husimama. Ukuta wa mtu haupakwi na mwingine, maana ni kama kusema mwenyewe hayupo. Kwa hiyo ukuta wa dada yangu umerukwa tangu alipofariki, umebanduka, umekuwa wa kijivu kati ya buluu mbili. Na kimraba chako kilikuwa pale, kikavu, kama nilivyokibandika.

Makundi yote yakajazana. Nisrin akainua simu. Sauti ikatoka:

"Kitendawili!"

Watoto wakaitika, "Tega!" Nao wanawake waliokuwa chini ya ngazi, mabrashi mkononi, wakaitika pia, "Tega!", kwa mazoea, kabla hawajajua wanamwitikia nani.

Kisha wakajua. Lalla Fettuma aliiacha brashi yake ikazama kwenye ndoo. Mimi nilikumbuka kwamba dada yangu alikuwa akikutumia vitendawili kwa simu, kwa ajili ya wanafunzi wako. Sikujua kama uliviweka.

"Nina mzee wangu," Sfia akasema, kwa ile sauti yake ya mtu anayekaribia kucheka, "usipompiga hakukaribishi. Haya, mmeshindwa? Nipeni mji!"

"Mlango!" watoto wakapiga kelele. Na kwa kuwa watoto wa darasa la nne hawajui tofauti ya kujibu na kutenda, wakaugeukia mlango wenu wakaanza kuugonga. Kwa ngumi, kwa viganja, wote kwa pamoja. Vumbi likashuka kutoka kizingiti cha juu.

"Si Mfaddal," Lalla Fettuma akasema, "watoto wanabisha. Utawaacha wasimame nje?"

"Sina idhini ya mwenye nyumba, Lalla."

"Mwenye nyumba ndiye aliyewaita sasa hivi. Mtaa mzima tumesikia."

Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, ninakoutunza siku zote. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, Anwar akausukuma kwa bega, nasi tukaingia.

Mpwa wangu, ule mlimau wa uani umezaa misimu yote hii bila mchumaji. Matawi yalikuwa yamelala sakafuni kwa uzito, na malimau yalikuwa hadi ndani ya karo la kufulia. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Hazina!" na hakuna mtu mzima aliyemsahihisha, wala mimi. Hazina halisi, yaani kalamu za rangi na biskuti, ilibaki shuleni, ikakumbukwa Jumatatu. Watoto walitoka na malimau kwenye kofia, kwenye mikoba, kwenye sketi. Zuhra alipika chai jikoni kwenu bila kuniomba kibali. Nililazimika kufuta miwani mara kadhaa, kwa sababu siku ile hewa ilikuwa na chokaa nyingi.

Bwana Tuhami naye alikuja kuangalia kelele ni za nini. Akapewa glasi. Akauliza kwa ile adabu yake, "Si Mfaddal, hapa panauzwa au pamekuwa shule?" Nikamjibu kwamba suala lipo kwa mwenye mamlaka. Lalla Fettuma akamwambia, "Kunywa chai yako, jirani, kabla hujapewa fumbo." Ameahidi kusubiri hadi mwezi uandame, baada ya hapo atanunua nyumba nyingine iliyo chini ya ngazi.

Bi Hanae ameridhika. Anataka msako mwingine kabla ya mwaka wa masomo kwisha, na amenielekeza kwamba safari ijayo kibali cha kwanza kitoke kwa Zuhra. Ameniuliza pia kama yule aliyetengeneza vimraba angependa kuja kuuendesha mwenyewe. Nimemwambia sijui.

Ukuta wenu bado haujapakwa. Wanawake wamemaliza mtaa mzima, na wameuruka. Zuhra ameacha ndoo moja ya chokaa, iliyokwisha kuchanganywa na nili, mlangoni kwenu. Ameifunika kwa sinia isikauke.

Ushauri nilioutoa kwenye barua yangu ya tarehe 18 Novemba naomba uhesabiwe kuwa haukuandikwa. Sitoi mwingine badala yake. Wakala hatakiwi kuwa na upande. Natamka tu kwamba nilifunga mlango jioni ile kwa mkono wangu, na kwamba kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo, mpwa wangu, naomba uamuzi wako kwa maandishi, kwa neno moja tu, kabla ya mwezi kuandama: niuze, au nisiuze?

Mjomba wako,
Mfaddal Bulaish